Udongo kwenye Gambuti

Machogu, jirani ninayeshindania naye kiti cha wadi hapa Suneka, aliposhika maiki kwenye mazishi ya babangu, vijana wangu wa kampeni walianza kumzomea.

"Mpinzani, keti chini!"

Nikamtazama. Gambuti zake zilikuwa zimejaa udongo mwekundu. Tangu alfajiri alikuwa akichimba kaburi na wanaume wa kijiji. Hao wangu walifika saa ya chai, fulana zenye picha yangu zikiwa safi kabisa.

Niliinuka.

"Nani kati yenu ameshika jembe leo? Hata mmoja?"

Nikawaonyesha gambuti za Machogu.

"Basi vueni hizo fulana! Sura yangu haitamzomea mtu aliyemchimbia babangu kaburi. Na wewe Machogu, ongea, ndugu yangu. Agosti nitakushinda kwa kura."