Mke Mwenza

"Zima kila kitu, mzee. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanangoja," alisema bosi, ambaye hajawahi kushika hata bisibisi.

Nikakata umeme mkubwa, nikaacha wa feni tu. Redio zikanyamaza mji mzima. Ndani ya mtambo wa kurushia matangazo, zile taa za kioo, nene kama chupa, zilibaki nyekundu kama makaa.

"Na feni?" bosi aliuliza.

"Ikizimwa sasa, joto litazipasua."

"Si zinakwenda kuvunjwa!"

Marehemu mke wangu aliuita mtambo huu mke mwenza. "Haya, nenda kampashe joto," alinitania kila alfajiri.

"Bosi, mwenzake alipokata roho, ninyi wakubwa mlininyima ruhusa. Huyu nitakaa naye mpaka apoe."

Nikavuta kiti, nikaweka kiganja mlangoni pake.