Neno la Kiganjani

Mbele ya mkalimani wa mahakama, shemeji yake alifungua kiganja. Humo, kwa wino wa bluu, mlikuwa na neno moja la Kiingereza: “estop”.

“Wakili wangu kalitaja kwenye simu, nikaliandika lisinitoroke,” alisema. “Kesi ni kesho. Tukishindwa nyumba imekwenda, na watoto sijui nitawalaza wapi.”

Mkalimani alivaa miwani, akaivua. Miaka ishirini na sita alikuwa akitafsiri mahakamani bila kupindisha neno hata moja, na mtaa mzima ulilijua hilo kwa kuwa mwenyewe hakuchoka kulisema. Kesi ya nyumba ile aliijua. Ilimkosesha raha wiki nzima.

“Mimi mtu wa mahakama, shemeji. Haifai nikushauri.”

“Nani kakuomba ushauri? Nataka maana tu. Au limekushinda?”

Loo! Hapo alimgonga penyewe.

“Linishinde mimi? Ni kumziba mtu mdomo kwa kauli yake mwenyewe. Ukimwambia mwenzako jambo, naye akakuamini, akatoa jasho lake kwa kauli hiyo, sheria haikuruhusu kugeuka baadaye.”

“Hata kama hamkuandikiana?”

“Mashahidi wakiwepo...” Aliifuta miwani. “Hata kama.”

“Hata kama ni ndugu?”

Alitazama dirishani. Alitamani kusema hapana. Neno dogo tu, nani angejua? Lakini ulimi wake haukuzoea.

“Hata ndugu,” alisema, akajichukia.

Shemeji yake akamwomba amwandikie. Aliandika kwa mwandiko wake safi, akaweka sahihi chini kama alivyozoea kazini.

Mama wa watu aliikunja karatasi taratibu. Macho yalikuwa yamemwiva.

“Siku tulipomzika mume wangu, mtu alisimama mbele ya watu wote akaniambia, ‘Nyumba hii ni yako, ijenge.’ Nikauza cherehani yangu, nikaongeza vyumba viwili. Unakumbuka?”

“Nakumbuka,” mkalimani alijibu kwa sauti ndogo.

“Afadhali.” Alitia karatasi kwenye mkoba, akaelekea mlangoni. “Basi kesho ukiitwa kama mdai, ukishasimama, uyaseme hayo hayo, shemeji.”