Arobaini ya Mbwana

Joka la Chuma, treni ya kupanda na kuporomoka katika bustani ya michezo, lilihifadhi ukelele wa kila aliyelipanda. Mtu akifariki, wafiwa walipanda na sauti yake bure hadi arobaini. Baada ya hapo sauti ilikuwa mali ya bustani.

Nyamvula alipanda na sauti ya marehemu mumewe, Mbwana, kila alasiri. Treni ilipofika kileleni, kiti kitupu kando yake kilipiga ukelele uleule alioupiga walipopanda pamoja sikukuu: "Mama Riziki, nishike, nakufa!" Siku ile ya sikukuu Nyamvula alicheka tu, hakumshika. Na alasiri zote hizi alicheka vilevile. Leo, siku ya mwisho, alikuja kumshika.

"Umechelewa, shangazi," akasema mkata tiketi. "Arobaini ilikuwa jana."

"Jana ilikuwa thelathini na tisa. Tulimzika Ijumaa."

"Alifariki Alhamisi. Hapa tunahesabu tangu pumzi, si tangu kaburi." Dada yule akamtazama kidogo. "Wewe panda tu. Nafasi ipo."

Nyamvula akafunga mkanda, akaweka mkono juu ya kiti cha kando. Treni ikapanda taratibu, ikafika kileleni. Kiti kilikuwa kimya.

Kisha kichwa cha joka, kule mbele, kikafunua kinywa na kunguruma kwa sauti mia za watu, kama kilivyonguruma kila siku. Katikati ya sauti hizo akamsikia Mbwana: "Nishike, nakufa!"

"Hiyo mpya!" akasema msichana wa kiti cha mbele, na wenzake wakacheka.

Nyamvula akanyoosha mkono kuelekea kinywa kile, na treni ikaporomoka.