Muoki Hafi Mpaka Kwao Waseme

Kufikia saa sita mchana Dishon alikuwa amemfufua Muoki zaidi ya mara kumi. Kila aliyeingia kwenye tovuti na kuandika kwamba mwanamuziki huyo amefariki, Dishon alifuta, akairudisha sentensi ya zamani: Muoki Nyuzi Sita ni mpiga gitaa, anaishi Nairobi. Neno hilo "anaishi" alilirudisha kwa hasira, akibonyeza simu kama mtu anayeua kunguni.

Tovuti yenyewe haikuwa ya kampuni wala ya serikali. Ilikuwa ya mashabiki, watu wa kawaida tu waliokusanya kila wimbo wa Muoki, nani alipiga besi, ulirekodiwa wapi, na mafumbo yake ya Kikamba yana maana gani. Dishon, karani wa ghala huko Industrial Area, aliifanyia kazi jioni na wikendi bila malipo yoyote. Angekudai chanzo hata ungemwambia kwamba leo ni Jumamosi.

Juu yake alikuwepo mmoja tu, mwanzilishi aliyejiita Mlinzi. Hakuna mhariri aliyewahi kumwona. Mlinzi alikuwa mkali mpaka kwa nafsi yake. Mwaka jana aliandika kwamba Muoki hutia chumvi kwenye chai, Dishon akadai chanzo, na Mlinzi akaifuta sentensi hiyo bila kunung'unika. Alijibu tu kwamba hana cha kuonyesha, na kanuni ni ya wote. Tangu siku hiyo Dishon alimheshimu kuliko meneja wake wa kazini.

Kanuni kubwa kuliko zote ilizaliwa miaka mitatu iliyopita. Redio moja ilitangaza kwamba Muoki amekufa ajalini, kumbe mwenyewe yuko zake nyumbani anakula muthokoi. Uvumi ulifika kijijini kabla ya simu yake. Mama yake mzazi, bibi kizee aliyekuwa peke yake akipepeta kunde, aliusikia redioni, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kwao mama haambiwi msiba na redio. Kwanza wazee huja kuketi naye, ndipo aambiwe. Baada ya hapo Mlinzi aliandika juu kabisa ya tovuti: uhai wa Muoki hauguswi mpaka familia yenyewe iseme.

Nabiswa, mhariri mwenzake, alipochoka kubishana kwenye simu alitembea kutoka Umoja hadi kwa Dishon pale Mowlem. Aliingia hata kabla ya kukaribishwa. Alikuwa na picha: gari la wagonjwa, mlango wa hospitali, mtu aliyefunikwa shuka. Binamu yake, bawabu wa pale, ndiye aliyemtumia.

"Dishon, manze, kila mtu ashajua," alisema. "Ni sisi tu tunakaa mafala."

Dishon aliitazama picha, akauliza uso uko wapi. Nabiswa akasema umefunikwa na shuka. Dishon akamwambia basi hiyo ni picha ya shuka.

"Na kama ni ukweli?"

"Kama ni ukweli, kesho utakuwa bado ukweli. Lakini ikiwa ni uongo, nani ataenda kumwinua yule mama?"

Nabiswa alicheka kicheko kisicho na furaha. Alisema wazi kwamba ikifika usiku bila habari kuandikwa, ataanzisha tovuti yake, watu wote watamfuata, na Dishon atabaki akilinda nyumba tupu. Hakuwa anatania. Tayari blogu zote za muziki zilikuwa zimeandika, na matusi yalimiminika: wengine walimwita Dishon mwehu, wengine walisema amehongwa na mapromota. Miaka ya jasho lake ilikuwa inamponyoka mikononi, na ilimuuma vibaya sana.

Akamwandikia Mlinzi. Siku hiyo Mlinzi alikuwa akichelewa kujibu, yeye ambaye kwa kawaida hujibu hata kabla hujamaliza kuuliza. Dishon alimweleza yote, picha na vitisho na matusi, kisha akauliza kama sasa waiandike.

"Usiandike," jibu lilikuja hatimaye. "Wakitukana watukane. Mfikirie yule mama. Shikilia, ndugu yangu, tafadhali."

Hilo tafadhali lilimshangaza, maana Mlinzi hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini lilimtia nguvu. Aliufunga ukurasa asiweze kuugusa mtu mwingine isipokuwa Mlinzi, kisha akamjibu kila mwenye matusi kwa maneno yale yale: kwao hawajasema. Nabiswa aliondoka bila kuaga.

Dishon akala ugali kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye simu. Mashabiki walizidi kupungua, naye alizidi kuwa mbishi. Alijivuna kwelikweli. Muoki alikuwa hai, na angeendelea kuwa hai, wapende wasipende.

Jua likiwa linazama, simu ilitetemeka. Alikuwa Mlinzi.

"Wazee wamefika kwa mama. Wameketi naye, ameambiwa akiwa ameshikwa mikono. Asante kwa kunishikia lango."

Dishon aliusoma ujumbe mara mbili bila kuuelewa, kisha akaufungua ukurasa. Sentensi ya kwanza ilikuwa imebadilika: Muoki Nyuzi Sita alikuwa mpiga gitaa, alifariki leo alfajiri. Na chini yake, mahali pa chanzo, pale alipowafukuza watu kutwa nzima, Mlinzi alikuwa ameandika:

"Nilikuwa nimemshika mkono. Mimi, mkewe."