Kiota cha Majimoto

Somoe hakuweza kutulia tangu mumewe, Lipande, aanze kunoa shoka. Machipukizi ya mikorosho yao yalikuwa yamekauka na kuwa meusi, kana kwamba yamepitiwa na moto. Mbu wa mikorosho, wale wadudu wembamba wenye miguu mirefu, walikuwa wameyafyonza utomvu kwa msimu wa pili mfululizo.

"Nakata, nachoma mkaa, kisha namfuata kaka machimboni," Lipande alisema.

Huyo kaka alikwenda na hakurudi. Mkewe bado huchungulia barabarani kila basi linapopita.

Somoe alitoka mbio hadi kwa jirani yao, Bi Nalota, akaomba ruhusa, akapanda mkorosho na kukata tawi lenye kiota cha majimoto, wale sisimizi wekundu wakali. Walimng'ata shingoni, mikononi, hata kwenye kope. Machozi yalimtoka njia nzima, lakini tawi hakulitupa.

Alimkuta Lipande chini ya mti wa kwanza, shoka begani.

"Hawa wanawala mbu," alisema, akilifunga tawi shinani. "Kwa Bi Nalota mikorosho yote ni mibichi. Wape msimu mmoja, Baba Tatu."

"Na wasipowala?"

"Basi tutakata pamoja, na tutaondoka pamoja."

Lipande alilaza shoka chini. Kisha akamtoa sisimizi mmoja kwenye kola ya mkewe, akamweka kwenye gome. Sisimizi alizungukazunguka kama asiyejua aende wapi, halafu akaanza kupanda, nao wakainua shingo kumtazama.