Mdhamini wa Kanyere

“Huyu pia hapana,” alisema Adrien, karani wa mikopo, mbele ya pasta mwenyewe. “Mama Kanyere, nilikuambia ulete mutu aliyekukopesha. Pasta alikukopesha nini? Maombi?”

Pasta alivaa kofia yake akaondoka. Kanyere akabaki amesimama mbele ya meza. Safari iliyopita alimleta mjomba wake, akaambiwa ndugu hafai. Kabla ya hapo alikuja peke yake, wakamwangalia kama mwizi.

Koperative, yaani hicho chama cha mikopo, ilikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa ya kuudhi. Vita vilipoingia Bunia waporaji walichoma ofisi, pamoja na kila karatasi iliyoonyesha nani analipa na nani anakimbia. Sasa, kabla ya kukukopesha pesa za kununua nyumba, na nyumba hiyo kubaki rehani mpaka umalize kulipa, walitaka umlete mtu aliyekudai zamani. Aseme kwa kinywa chake kama ulikuwa mlipaji.

Sawa, lakini umtoe wapi? Vahwere, aliyekuwa akimpa Kanyere mafuta ya mawese kwa mkopo, alikimbilia Butembo. Madeleine wa chumvi walimzika. Kulipa Kanyere alilipa, tena kwa jasho, na wa kulisema hilo hakuwepo. Alibaki mmoja tu, Mzee Augustin, tajiri wa vikwembe, yaani vitenge, pale soko kuu. Na huyo ndiye ambaye hakumaliza kumlipa.

Nyumba aliitaka kwa roho yote. Yeye, watoto wake na mama yake mgonjwa walikuwa wamebanana katika chumba kimoja cha kupanga, na mwenye chumba alikuwa ameshawaambia wahame. Ndipo alipotokea kijana mmoja, Rodrigue, anauza nyumba ya matofali, mabati yake mazima, kwa bei ya kibanda. Alisema atamngojea mpaka Ijumaa, si zaidi.

“Na usiambie mutu ni nyumba gani,” Rodrigue alimwonya. “Wakisikia ile bei, watakunyanganya.”

Baada ya kuuliza huku na huku mpaka miguu ikavimba, Kanyere alimpata Augustin katika kambi ya wakimbizi karibu na kiwanja cha ndege. Alikuwa ameketi chini ya turubai, amekonda, kola ya shati imemlegea shingoni.

“Papa Augustin, ni mimi Kanyere. Wa vikwembe.”

“Ule aliyebakia na deni yangu.”

“Njo mimi.”

Aibu ilimshika, akatamani ardhi immeze. Hata hivyo alimweleza yote, habari za koperative na habari za nyumba, ila hakusema iko wapi. Kabla mzee hajajibu, Kanyere akaogopa kukataliwa, akauliza la pembeni.

“Na weye papa, unakaa huku mu turubai juu ya nini? Kwako je?”

“Kwangu kuko watu.”

Siku zile nusu ya mji ingekujibu hivyo. Kanyere hakuuliza zaidi. Alikuwa na shida zake.

“Hukunikimbia,” mzee alisema mwishowe. “Walivunja soko, siye wote tukapoteza. Kesho nitaenda na weye.”

Na kweli alikwenda, amevaa koti lililofuliwa. Alisimama mbele ya Adrien akakataa kiti.

“Huyu mama alikuwa analipa kila mwisho wa mwezi. Ile ilibakia, vita njo ilikula. Ningekuwa na vikwembe leo, ningemupa tena.”

Kanyere alitaka kumbusu mikono. Lakini Adrien, kama kawaida yake, alikuwa bado na neno.

“Ni vizuri. Sasa twende tuone nyumba. Mudhamini naye aione kwa macho yake, njo aweke sahihi.”

Njiani mzee alisimulia habari za soko la zamani, nani alikuwa mwongo na nani alikuwa mchoyo, mpaka hata Adrien akacheka. Walipokata kona ya mwisho mzee akaacha hadithi katikati. Kanyere alidhani amechoka, akamshika mkono.

Rodrigue alikuwa amemwahidi Kanyere kwamba atashinda pale na ufunguo mpaka Ijumaa. Hawakumkuta. Mlango ulikuwa umefungwa, madirisha yamefungwa. Mwanamke wa nyumba ya pili alichungulia, akawaona, akarudi ndani haraka.

“Nisipoona ndani leo, dosie nafunga,” alisema Adrien, faili la mkopo kwapani, akitazama saa yake.

“Rodrigue!” Kanyere aliupiga mlango kwa ngumi. “Weye Rodrigue!” Alipiga mpaka mkono ukauma. Alikuwa amechoka na makarani, amechoka na vita, amechoka kuombaomba ushahidi kwamba yeye si mwizi. Machozi ya hasira yalimtoka na hakujali nani anamwona.

Alipogeuka, mzee hakuwepo karibu naye. Alikuwa amezunguka nyuma, upande wa jiko. Walimwona akiingiza mkono chini ya bati, akipapasa, kisha akitoa ufunguo uliofungwa katika plastiki. Alirudi polepole, akafungua mlango, akasimama kando kuwapisha.

“Karibuni,” alisema. “Mutusamehe, ile siku tulikimbia bila kufagia.”