Wimbo Aliouchagua Ngiri

Kurumbiza, ndege mwenye sauti nyororo, alimpelekea Ngiri, mkuu wa redio ya msituni, wimbo wa kumlilia marehemu mama yake. Ngiri alikata ubeti wa kwanza katikati.

"Huu hauchezeki, dada. Nani atakata kiuno msibani?"

Kurumbiza alipandwa na hasira. "Masikio makubwa, ndani matope! Matope, Ngiri, matope!"

Hakujua kuwa walikuwa hewani. Kabla hajafika kiotani, msitu mzima ulikuwa ukiruka na kuimba, "Matope, Ngiri, matope!"

Alirudi aombe radhi. Akamkuta Ngiri anacheza, jasho linamtiririka.

"Huyu nimemvumbua mimi!" Ngiri aliwatangazia wasikilizaji huku akihema. "Haya dada, tupe mwingine, unitukane zaidi."

Kurumbiza akamtazama vizuri, akavuta pumzi, akaanza na pua ya Ngiri.